Kulinda Pumzi ya Mgonjwa wa Upasuaji: Mwongozo kwa Wodi za Wilaya

Upasuaji wa tumbo, hasa ule ambao mkato wake hupita juu ya kitovu, huyadhoofisha mapafu ijapokuwa kisu hakiyagusi kabisa, na udhaifu huo hauishi pale mgonjwa anapozinduka bali huendelea kwa siku kadhaa, wakati ambapo daktari mpasuaji amekwisha kuwageukia wagonjwa wengine na mtaalamu wa usingizi amekwisha kurudi kwenye kazi zake. Utafiti uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 na kuonyesha kuwa asilimia 2.1 kati yao walifariki wakiwa hospitalini, kiwango ambacho ni maradufu ya wastani wa dunia, ingawa wengi wao walikuwa vijana na hawakuwa na magonjwa mengi. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba vifo zaidi ya tisa katika kila kumi vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Si vyote vilivyotokana na mapafu, lakini hesabu hiyo inaonyesha mahali ambapo ulinzi umelegea: mgonjwa huvuka salama chini ya taa za chumba cha upasuaji, kisha huzidiwa kitandani.

Mwongozo huu unawalenga wauguzi, matabibu na ndugu wanaouguza katika hospitali za wilaya za Afrika Mashariki, ambako mashine ya kupumulia ni adimu, lakini mikono ya kumkalisha mgonjwa, kumkohoza na kumtembeza haikosekani. Hoja yake ni moja: sehemu kubwa ya kazi ya kuyalinda mapafu hufanywa kabla na baada ya upasuaji, kwa vitendo vidogo vinavyorudiwa kila saa, na mgonjwa hana budi kufundishwa vitendo hivyo kabla hajalazwa usingizi.

Kinachoyapata mapafu

Mtu mzima anapolala chali, kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, husukumwa juu na matumbo, na hewa inayobaki mapafuni mwishoni mwa kutoa pumzi hupungua kwa nusu lita hadi karibu lita nzima. Nusukaputi, yaani dawa ya usingizi wa mwili mzima, hulegeza misuli ya kifua na kuipunguza hewa hiyo kwa karibu nusu lita nyingine, hivyo kwamba sehemu za mapafu zilizo upande wa mgongo hubanwa, na vifuko vidogo vya hewa, ambamo oksijeni huingia katika damu, hunywea na kujifunga. Hali hiyo, ambayo kitaalamu huitwa atelektasisi, huonekana kwa takriban wagonjwa tisa katika kila kumi wanaopewa nusukaputi. Damu inayopita katika sehemu zilizojifunga hurudi moyoni bila kuchukua oksijeni, na hapo ndipo kipimo cha kidoleni huanza kushuka.

Kwa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mdogo wa mkono au mguu, vifuko hivyo hufunguka tena mapema na jambo likaisha. Kwa aliyepasuliwa tumbo la juu, kwa mfano kwa sababu ya kidonda cha tumbo kilichotoboka, mambo ni tofauti, kwa kuwa kiwambo chenyewe huzuiwa na mishipa ya fahamu kisifanye kazi yake sawasawa, na kiasi kikubwa kabisa cha hewa ambacho mgonjwa anaweza kukivuta na kukitoa kwa pumzi moja hushuka hadi nusu ya kawaida yake au chini ya hapo, kisha hurejea polepole katika muda wa wiki moja hadi mbili. Maumivu huongeza tatizo juu ya tatizo: mgonjwa huvuta pumzi fupi ili mshono usivutike, huepuka kukohoa, makohozi hutuama, na vijidudu hupata mahali pa kuzaliana. Hivyo ndivyo nimonia ya siku ya tatu au ya nne inavyojengwa tangu saa za kwanza.

Kabla ya upasuaji

Tathmini ya mapafu kabla ya upasuaji haihitaji mitambo mingi. Kipimo cha hatari kiitwacho ARISCAT, kilichotokana na utafiti wa Katalonia nchini Hispania na kuchapishwa mwaka 2010, hutumia mambo saba tu: umri wa zaidi ya miaka 50, oksijeni ya damu isiyozidi asilimia 95 mgonjwa anapopumua hewa ya kawaida, maambukizi ya njia ya hewa ndani ya mwezi uliotangulia, hemoglobini ya gramu 10 au chini kwa desilita moja ya damu, mkato wa tumbo la juu au wa kifua, upasuaji unaotarajiwa kuzidi saa 2, na upasuaji wa dharura. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai picha ya eksirei au mashine ya kupima uwezo wa mapafu, na kwa sababu hiyo kipimo hiki kinaifaa hospitali ya wilaya kuliko vingi vinavyosifiwa vitabuni, mradi kuwe na oksimita, yaani kile kifaa kinachobana kidole na kusoma oksijeni, na maabara inayopima wekundu wa damu.

Hata hivyo, orodha hiyo ilitungwa Ulaya, na yapo maswali mengine ambayo muuguzi wa Afrika Mashariki hapaswi kuyaacha. Mama aliyepikia kuni au mkaa katika jiko lisilo na dirisha kwa miaka mingi anaweza kuwa na mapafu yaliyochakaa kama ya mvutaji wa sigara, ingawa hajawahi kushika sigara maishani mwake, na akiulizwa tu kama anavuta, atajibu hapana, na jibu hilo litaandikwa kwenye faili. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu huenda alipona vijidudu lakini akabaki na makovu yanayopunguza nafasi ya hewa. Mwenye selimundu yuko katika hatari ya pekee, kwa maana upungufu wa oksijeni, baridi na ukosefu wa maji mwilini huzifanya chembe zake nyekundu za damu zijikunje na kuziba mishipa midogo ya mapafu, hivyo anahitaji maji, joto na oksijeni bila kukatizwa kabla, wakati na baada ya upasuaji.

Mwenye pumu anapaswa kuendelea na dawa zake hadi asubuhi ya upasuaji, na pampu yake iende naye hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji badala ya kuachwa nyumbani. Pale ambapo chombo cha kuunganisha pampu na mdomo hakipatikani, chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu linaloibana pampu barabara, hutosha. Utafiti uliofanywa kwa watoto wenye pumu huko Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulithibitisha kuwa chupa ya namna hiyo iliyozibwa vizuri hufanya kazi sawa na chombo cha dukani. Mgonjwa mwenye homa ya mafua au kikohozi kipya chenye makohozi aahirishiwe upasuaji usio wa haraka kwa wiki kadhaa, hasa akiwa mtoto, kwa sababu njia zake za hewa hubaki nyepesi kukereka hata baada ya mafua yenyewe kwisha.

Kuhusu sigara, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba wavutaji wanaoacha takriban wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupata matatizo machache baada yake, na kwamba kila wiki ya ziada huongeza faida hiyo. Siku ya kwanza ya kukutana na mgonjwa wa ngiri au wa uvimbe usio wa dharura ndiyo siku ya kumwambia aache, kwa kuwa akiambiwa usiku wa kulazwa, mapafu hayatapata muda wa kujisafisha. Hata yeye asiambiwe kwamba amechelewa, maana gesi ya moshi inayoikalia nafasi ya oksijeni katika damu hupungua kwa nusu ndani ya saa chache.

Jambo lenye thamani kubwa kuliko yote katika kipindi hiki ni somo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hospitali tatu za umma za Australia na New Zealand, ambamo wagonjwa 441 waliosubiri upasuaji wa tumbo la juu waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilipewa kijitabu peke yake, na jingine likapewa kijitabu pamoja na kikao kimoja cha dakika 30 na mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyewaeleza yatakayoyapata mapafu yao na kuwafundisha mazoezi ya kupumua ya kuanza nayo mara tu wakizinduka. Matatizo ya mapafu yaliwapata asilimia 27 ya kundi la kwanza na asilimia 12 ya kundi la pili. Ni nadra katika tiba kupata faida kubwa kiasi hicho kwa gharama ya nusu saa ya maneno, na hakuna sababu ya wodi yoyote kuikosa, kwa kuwa pale asipokuwapo mtaalamu wa tiba ya viungo, muuguzi aliyefundishwa anaweza kulitoa somo hilo.

Somo lenyewe litolewe siku ya kulazwa au kabla yake, mgonjwa akiwa ameketi, hana maumivu makali wala usingizi wa dawa, na ndugu atakayemuuguza akiwapo, kwa sababu huyo ndiye atakayekumbuka. Mgonjwa huweka kiganja juu ya tumbo, huvuta pumzi polepole kupitia puani hadi kiganja kiinuke na mbavu zipanuke, huishikilia kwa sekunde 3 hadi 5, kisha huitoa taratibu mdomoni. Baada ya pumzi 10 za namna hiyo, hutoa pumzi moja au mbili za nguvu huku mdomo na koo vikiwa wazi, kama mtu anayepuliza kioo ili kipate ukungu, kisha hukohoa mara mbili au tatu. Mzunguko huo ndio atakaourudia kila saa akiwa macho baada ya upasuaji. Asiachwe mpaka awe ameonyesha mwenyewe kwamba ameuweza, kwani kutikisa kichwa hakuthibitishi kuwa ameelewa.

Limebaki suala la kufunga, ambalo katika wodi nyingi hueleweka vibaya. Chakula huzuiwa ili kisirudi kooni na kuingia mapafuni mgonjwa anapolala usingizi, na kanuni inayokubalika kwa wagonjwa wasio wa dharura ni saa 6 kwa chakula chepesi na saa 2 kwa maji. Chai ya rangi huhesabiwa pamoja na maji, ilhali chai ya maziwa na uji huhesabiwa pamoja na chakula. Ndugu waelezwe tofauti hiyo waziwazi, kwa kuwa kikombe cha chai ya maziwa kilichopenyezwa alfajiri kwa huruma kinaweza kuleta madhara makubwa. Kwa upande mwingine, kumnyima mgonjwa hata maji tangu usiku hadi alasiri hakumlindi zaidi. Humkausha mwili na kuyafanya makohozi yake kuwa mazito.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Mengi ya hapa yako mikononi mwa mtaalamu wa usingizi, na yatagusiwa kwa ufupi. Pale upasuaji unaporuhusu, kama ule wa kujifungua au wa ngiri, ganzi ya mgongoni humwacha mgonjwa apumue mwenyewe na kumwepusha na bomba la kooni. Oksimita haipaswi kukosekana. Orodha ya usalama ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani inataka iwe imefungwa na inafanya kazi kabla ya dawa ya usingizi kutolewa. Dawa za kulegeza misuli zinapotumika, ni lazima athari yake iondolewe kikamilifu kabla bomba halijatolewa, na mgonjwa asiyeweza kuinua kichwa chake kutoka kwenye mto kwa sekunde 5 hajawa tayari, ijapokuwa anayeweza kufanya hivyo naye anaweza kuwa na ulegevu uliosalia. Muuguzi anayempokea mgonjwa aulize mambo manne na kuyaandika: dawa gani za maumivu zimetolewa, saa ngapi, oksijeni ilikuwa ngapi bila msaada, na kama kulikuwa na matapishi.

Saa na siku za kwanza

Kosa linalojirudia katika saa za kwanza ni kuiamini namba ya oksimita peke yake. Mgonjwa anayepewa oksijeni kwa barakoa anaweza kusoma asilimia 98 huku akipumua mara 6 tu kwa dakika, kwa sababu oksijeni ya ziada huificha hali halisi, na hewa chafu ya kaboni hujilimbikiza katika damu hadi mgonjwa apoteze fahamu. Kwa hiyo pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, kwa kutumia saa ya mkononi au ya ukutani, huku kifua kikitazamwa. Kukisia hakufai, wala kuandika 20 katika kila mstari wa fomu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akiwa amepewa mofini na pumzi zikashuka chini ya 10 huku akiwa mgumu kuamka, aitwe kwa sauti, atingishwe bega, apewe oksijeni, na daktari aitwe. Naloksoni, dawa inayoondoa athari ya mofini, hutolewa mshipani kidogo kidogo, mikrogramu 100 hadi 200 kila baada ya dakika 2 au 3, hadi pumzi zirejee. Naloksoni huisha mwilini mapema kuliko mofini, hivyo mgonjwa aliyeamka anaweza kuzama tena, na asiachwe peke yake.

Oksimita yenyewe ina udhaifu unaopaswa kujulikana. Vidole baridi, mtetemeko na rangi ya kucha huvuruga usomaji wake, na katika mwambao, ambako wanawake wengi huja kujifungua wakiwa wamepakwa hina nyeusi, kifaa kinaweza kusoma chini ya hali halisi au kushindwa kusoma kabisa. Katika hali hiyo kibanwe kwenye kidole kisichopakwa, cha mguu ikibidi, au kwenye ndewe ya sikio kama kifaa kinaruhusu. Lililo zito zaidi ni kwamba kifaa hiki huelekea kuisoma oksijeni ya watu wenye ngozi nyeusi kuwa juu kuliko ilivyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni uliojificha nyuma ya usomaji wa asilimia 92 hadi 96 uliwapata wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kwa wagonjwa wa ukanda huu, basi, asilimia 92 isichukuliwe kuwa faraja. Lengo liwe 94 na kuendelea, isipokuwa kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu, ambao hulengewa 88 hadi 92.

Maumivu yatibiwe kabla hayajapanda. Wagonjwa wengi wamelelewa kuvumilia, na akiulizwa hali mgonjwa atajibu salama, huku amekunja uso na kupumua kwa juu juu kama aliyeshikwa na kichomi. Swali lenye manufaa zaidi ni kumwambia akohoe: asiyeweza kukohoa ana maumivu ambayo hayajatibiwa. Parasetamoli itolewe kwa ratiba, usiku na mchana, badala ya kusubiri mgonjwa aombe, na dawa nyingine za maumivu ziongezwe juu yake kwa maelekezo ya daktari. Kadiri ratiba hiyo inavyofuatwa ndivyo mahitaji ya mofini yanavyopungua, na pumzi hulindwa kwa pande zote mbili.

Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa nyuzi 30 hadi 45, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo. Pale kitanda kisipokuwa na mtambo wa kukiinua, kiti kilichopinduliwa na kuwekwa chini ya godoro, mgongo wake ukimwegemeza mgonjwa, hufanya kazi hiyo bila gharama. Wakati wa kukohoa mgonjwa akumbatie mto mdogo, au kanga iliyokunjwa mara kadhaa, akiubana juu ya mshono kwa mikono miwili; ndugu anaweza kumsaidia kwa kuweka viganja vyake juu ya vile vya mgonjwa. Hofu kwamba kikohozi kitafumua mshono ni kubwa, na mgonjwa aambiwe wazi kwamba mshono ulioegemezwa hivyo huhimili kikohozi, ilhali makohozi yaliyoachwa ndani huleta nimonia.

Kifaa cha plastiki chenye vijimpira vinavyopanda kwa kuvuta pumzi, ambacho ndugu hutumwa kukinunua mjini, si cha lazima. Mapitio ya tafiti kuhusu upasuaji wa tumbo la juu hayakupata ushahidi kwamba kinapunguza matatizo ya mapafu. Anayetaka chombo anaweza kutengeneza chupa ya kupulizia: chupa ya lita moja iliyotiwa maji kina cha sentimita 10, na mpira wenye upana wa ndani wa karibu sentimita moja uliozamishwa hadi karibu na kitako, huku mdomo wa chupa ukiachwa na nafasi ya hewa kutokea. Mpira wa dripu haufai kwa kuwa ni mwembamba mno. Mgonjwa huvuta pumzi kwa pua, hupuliza polepole hadi mapovu yatoke, mara 10, na kamwe havuti kwa mpira. Kila mgonjwa awe na chupa yake, maji yabadilishwe kila siku, na mwenye hewa iliyovuja nje ya pafu au aliyeshonwa umio asiitumie bila idhini ya daktari.

Siku inayofuata upasuaji, kama shinikizo la damu liko sawa, mgonjwa aketi kitini na kusimama, kisha atembee hatua chache akishikwa, kwanza hadi dirishani, baadaye hadi mlangoni, na umbali uongezwe kila mara. Ndugu kwa huruma humwacha mgonjwa alale, na huruma hiyo inaeleweka, lakini kulala chali siku nzima ndiko kunakofunga mapafu na kugandisha damu miguuni. Meno yapigwe mswaki asubuhi na jioni, hata kwa asiyekula, kwani vijidudu vya kinywani ndivyo vinavyoshuka mapafuni.

Zipo dalili ambazo hazingoji raundi ya asubuhi. Mgonjwa anayepumua zaidi ya mara 25 kwa dakika au pungufu ya 10, ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kutweta, ambaye ulimi au upande wa ndani wa midomo umekuwa na rangi ya samawati, aliyeanza kuchanganyikiwa au kuhangaika bila sababu, ambaye oksijeni yake iko chini ya asilimia 92 na si mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, au aliyeshikwa ghafla na maumivu ya kifua huku mguu mmoja umevimba, akalishwe, apewe oksijeni, na daktari aitwe papo hapo, hata ikiwa ni saa tisa za usiku. Ndugu anayeuguza aelezwe dalili hizi siku ya kwanza na aruhusiwe kwenda kumwita muuguzi bila kuogopa kukemewa, kwa maana mara nyingi yeye ndiye pekee aliye macho kando ya kitanda.